Theluji ya Kilimanjaro: mlima wa Moshi, mapato ya Hollywood

ANAYEFUNGUA duka Njoro alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, huuona Kibo bure. Hatoi tiketi wala kiingilio. Lakini kampuni ya filamu ya Twentieth Century-Fox ya Marekani ilipotaka kuuonyesha mlima huo katika majumba ya sinema mwaka 1952, ilikuwa imekwisha kulipa Dola za Kimarekani 125,000 kwa mtu aliyeutungia hadithi. Baada ya hapo ilijenga kambi ya safari ndani ya studio huko California, ikautundika mlima nyuma yake, na kuuza tiketi duniani kote.

Filamu hiyo ni The Snows of Kilimanjaro, iliyotokana na hadithi fupi ya mwandishi Ernest Hemingway. Ilikuwa miongoni mwa filamu zilizoingiza fedha nyingi zaidi Marekani mwaka huo. Sehemu kubwa ya fedha za kuitengeneza ilitumika maelfu ya maili kutoka Moshi.

Kisa hicho kina umri wa zaidi ya miaka 70, lakini hesabu yake haijazeeka. Siku hizi si ajabu mfanyabiashara wa mitumba, mwenye nyumba ya wageni au mkulima aliyeuza kahawa kuombwa atie fedha katika filamu. Kamera zimeshuka bei, vijana wenye ujuzi wapo, na ahadi za faida hutolewa kwa ukarimu. Kabla ya kufungua mkoba ni vizuri kujua fedha ya filamu huingia mlango gani na kutokea wapi.

MALI GHAFI ILIVYOPATIKANA

Kwa mtu wa Kilimanjaro njia rahisi ya kuielewa biashara hii ni kuilinganisha na kahawa. Mkulima wa Machame au Kibosho huuza buni, mwenye kiwanda huikaanga na kuitia kwenye pakiti, na mwenye jina kwenye pakiti ndiye anayepanga bei dukani. Hadithi nayo ina buni yake.

Hemingway aliteremka Mombasa Desemba 1933. Mwaka huohuo Chama Kikuu cha Ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza kazi kwa jina hilo. Safari yake ya uwindaji haikulipwa kwa fedha za vitabu. Iligharimiwa na Gus Pfeiffer, ami tajiri wa mke wake Pauline, aliyetoa Dola 25,000. Kwa maneno mengine, kabla hadithi haijaandikwa, tayari kulikuwa na mwekezaji aliyetoa mtaji bila kujua atavuna nini.

Msafara ulipita Kenya, ukavuka hadi Tanganyika na kuelekea Serengeti. Huko, Januari 1934, Hemingway alishikwa na ugonjwa mkali wa kuhara damu, ikabidi aletewe ndege ndogo ya kumpeleka Nairobi kwa matibabu. Katika safari hiyo ya angani aliuona mlima Kilimanjaro. Ndege, mgonjwa na mlima vikaingia katika hadithi aliyoitoa kwenye gazeti la Esquire, Agosti 1936.

Hadithi inamhusu Harry, mwandishi aliyekwaruzwa na mwiba akiwa porini. Jeraha halikutibiwa mapema, likageuka donda ndugu. Gari lao limeharibika, wanaisubiri ndege, na tai wamekwisha kukaa karibu. Akiwa kitandani Harry anapiga hesabu ya mambo yote aliyokusudia kuyaandika lakini akayaahirisha kwa kuponzwa na raha na fedha za mkewe. Mwisho anakufa, huku akiota kuwa ndege imekuja na inampeleka juu kwenye kilele cheupe.

Mwanzoni mwa hadithi anatajwa chui aliyekutwa amekauka kwa baridi karibu na kilele. Huyo hakubuniwa. Mwaka 1926 Mchungaji Richard Reusch wa Kanisa la Kilutheri alimkuta chui aliyeganda kwenye ukingo wa kreta ya Kibo, na akamkata sikio ili awe na ushahidi. Kreta ya ndani ya Kibo ina jina la mchungaji huyo hadi leo.

Kwa hiyo mlima ulikuwa wa Moshi, na chui alikuwa wa Kibo. Mwandishi alichofanya ni kuvichambua, kuvikaanga na kuvitia kwenye pakiti yenye jina lake.

BEI YA HADITHI MOJA

Mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni ya Fox ilinunua haki ya kuifanya hadithi hiyo kuwa filamu. Dola 125,000 zilikuwa fedha nyingi sana kwa hadithi fupi ambayo msomaji huimaliza kabla chai haijapoa. Hata hivyo, mnunuzi hakuwa mjinga. Alikuwa ananunua jina la mwandishi maarufu na jina la mlima, vyote viwili kwa hundi moja.

Tatizo lilijitokeza pale mwandishi wa muswada, Casey Robinson, alipokaa mezani. Hadithi fupi haiwezi kujaza karibu saa mbili za sinema. Robinson akaongeza mapenzi ya Paris, vita vya Hispania na mambo mengine yanayofanana na yaliyomo katika vitabu vingine vya Hemingway. Akamwingiza pia mwanamke anayeitwa Cynthia, ambaye hayumo katika hadithi, na nafasi hiyo akapewa Ava Gardner, mmoja wa nyota wakubwa wa wakati ule. Gregory Peck aliigiza kama Harry na Susan Hayward kama mkewe. Mwongozaji alikuwa Henry King na mtayarishaji Darryl F. Zanuck, mkuu wa studio.

Badiliko kubwa lilikuwa la mwisho wa kisa. Katika filamu Harry hafi. Mkewe analipasua jeraha usiku, asubuhi ndege inatua, na tai wanaondoka na njaa yao. Sababu ya kibiashara haihitaji maelezo marefu: mtazamaji anayetoka ukumbini ameridhika huwaambia jirani zake waende.

Hemingway hakufurahi. Alilalamika kuwa aliuza hadithi moja lakini akaona nyingine zake zimechomekwa humo, na kwa kejeli akaibadili jina filamu hiyo na kuiita Theluji ya Zanuck. Inaelezwa kuwa vitu viwili tu ndivyo vilivyompendeza: Ava Gardner na fisi.

Malalamiko hayo hayakubadili kitu, kwa sababu aliyeuza haki amekwisha kuuza. Kwa mfanyabiashara hapa pana funzo la kwanza. Mkataba wa kuuza hadithi unapaswa kutaja kinachouzwa ni nini hasa, kwa miaka mingapi, kwa lugha zipi, kama mnunuzi anaweza kubadili mwisho, na kama muuzaji atapata asilimia ya mapato au malipo ya mkupuo tu. Lisiloandikwa humo huwa la mwenye fedha.

MLIMA WA RANGI

Wengi walioitazama filamu hiyo waliamini kuwa waigizaji wale waliketi chini ya Kibo. Ukweli ni kwamba kazi iligawanywa mara mbili. Kikosi cha pili kilipelekwa Afrika Mashariki na kamera kupiga picha za wanyama, nyika na mandhari. Waigizaji wakuu walibaki studio. Humo kulijengwa kambi yenye mahema, miti na kitanda cha mgonjwa, na nyuma yake likawekwa pazia kubwa lililochorwa.

Pale ilipohitajika wanyama watembee nyuma ya mwigizaji, mafundi walitumia ujanja wa siku zile. Picha zilizoletwa kutoka Afrika zilirushwa kwa projekta kutoka nyuma ya kitambaa, mwigizaji akasimama mbele yake, na kamera ikavipiga vyote kwa pamoja. Kwenye sinema mtu anaonekana yuko porini, kumbe anaweza kwenda kula chakula cha mchana mkahawa wa ng'ambo ya barabara.

Kazi hiyo haikuwa ya kubabaisha. Mpigapicha Leon Shamroy na wasanii waliobuni majengo waliteuliwa kuwania tuzo za Oscar, ingawa hawakushinda.

Kwa nini studio haikuwaleta nyota wake Moshi? Jibu liko kwenye daftari la gharama. Nyota hulipwa hata siku ya mvua. Mwigizaji mkuu akiugua, watu wote hukaa bure na bili huendelea kupanda. Mfano ulikuwepo wa karibu kabisa. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alikwenda Kongo na Uganda kutengeneza The African Queen, filamu iliyotokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Watu wake wengi waliugua tumbo na homa, akiwemo nyota wa kike Katharine Hepburn. Hatimaye sehemu kubwa ya kazi ilikamilishwa Uingereza, zikiwemo picha za mwigizaji Humphrey Bogart akiwa ndani ya maji, kwa sababu maji ya kule yalihofiwa kuwa na maradhi.

Filamu hiyo nayo ina jambo la kumwuma Mtanzania mwenye jicho la biashara. Riwaya yenyewe inasimulia vita vya mwaka 1914 katika koloni la Wajerumani Afrika Mashariki. Meli ya Kijerumani iliyomo humo imefananishwa na Graf von Götzen, ambayo ilipelekwa Kigoma katika vipande, ikaunganishwa huko, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, kisha ikaibuliwa na kupewa jina la Liemba. Hadithi ni ya Ziwa Tanganyika, ila mahema, vyakula na mishahara ya vibarua vilikwenda Kongo na Uganda.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Msemo huo uliipata Fox yenyewe.

Kwa sheria ya Marekani iliyotumika wakati filamu inatoka, hakimiliki ilidumu miaka 28. Mwenye mali aliyetaka kuendelea kuilinda alitakiwa kuomba upya katika mwaka wa mwisho. Kwa filamu ya mwaka 1952, mwaka huo ulikuwa 1980. Maombi hayakufanywa. Filamu yenye jina la Gregory Peck, Ava Gardner na Kilimanjaro ikawa mali ya umma nchini Marekani.

Matokeo yake ni kwamba kampuni nyingi ndogo, zisizohusiana na studio, zilitoa kanda za video na baadaye diski za filamu hiyo na kuziuza kwa bei rahisi bila kumlipa mtu. Wengine walitumia nakala zilizochakaa, rangi zikiwa zimepauka, na bado walipata wateja.

Msomaji asikimbilie kuona hapo mlango wa utajiri. Kuisha kwa hakimiliki ya filamu hakumaanishi kuwa hadithi iliyomo imeachwa wazi. Hadithi ya mwaka 1936 bado inalindwa nchini Marekani, hivyo anayetaka kuitengenezea filamu mpya na kuiuza huko hana budi kuwaendea wenye haki zake. Aidha kila nchi ina sheria yake. Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ndiyo inayopokea usajili wa kazi.

Funzo la pili ndilo hilo. Katika biashara ya filamu ghala ni karatasi. Anayetia fedha aombe kuona mkataba wa haki ya hadithi, mikataba ya waigizaji, ruhusa ya muziki uliotumika na cheti cha usajili. Filamu yenye picha nzuri lakini isiyo na karatasi hizo haitanunuliwa na kituo cha televisheni wala msambazaji makini, kwa kuwa hakuna anayependa kununua kesi.

JINA LINAUZWA TENA

Mwaka 2011 jina la mlima liliingia tena sinema. Mwongozaji Robert Guédiguian wa Ufaransa alitoa Les Neiges du Kilimandjaro, yaani Theluji za Kilimanjaro. Filamu hiyo haitokani na Hemingway. Iliongozwa na shairi la Victor Hugo kuhusu watu maskini, na kisa chake kinatokea bandarini Marseille.

Mfanyakazi wa bandari aliyeachishwa kazi na mkewe wanafanyiwa sherehe ya ndoa yao. Watoto na marafiki wanawachangia fedha na tiketi za safari ya Kilimanjaro. Kabla hawajasafiri, wanavamiwa nyumbani na kuporwa, na baadaye wanagundua kuwa mmoja wa waporaji ni kijana aliyepoteza kazi pamoja nao. Mlima unabaki kuwa ndoto ya watu ambao hawajaufikia.

Hakuna wizi katika hilo. Jina la mlima halina hakimiliki, na kila mtunzi ana ruhusa ya kuota. Ila mfanyabiashara wa Moshi anapaswa kutambua kuwa jina analoliona kila siku kwenye mabango ya maduka lina nguvu ya kuuza tiketi mbali na hapa. Na bidhaa yenyewe inapungua: watafiti waliolinganisha ramani na picha wamekadiria kuwa zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo Kibo mwaka 1912 imekwisha kuyeyuka.

WALIOAMBULIA KITU

Isidhaniwe kuwa kila filamu iliyotokana na vitabu hupita angani kama ndege ya Harry. Mfano wa jirani ni Out of Africa ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Sydney Pollack kutokana na maandishi ya Karen Blixen, mwanamke wa Kidenmarki aliyelima kahawa karibu na Ngong, Kenya, hadi shamba likafilisika.

Safari hii nyota waliletwa. Meryl Streep na Robert Redford walifanya kazi Kenya. Mafundi walijenga upya mitaa ya Nairobi ya zamani, kazi iliyohitaji mbao, mabati na maseremala wengi, na wananchi waliajiriwa kujaza mitaa hiyo mbele ya kamera. Simba waliohitajika kuwa karibu na waigizaji waliletwa kutoka California, maana simba wa mbugani hafuati maelekezo. Filamu iligharimu karibu Dola milioni 30, ikaingiza zaidi ya milioni 200 duniani na kutwaa Oscar saba.

Faida iliyodumu kwa Kenya ilikuja baada ya kamera kuondoka. Nyumba ya Blixen, ambayo serikali ya Denmark iliitoa kwa Kenya wakati wa uhuru, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, wakati filamu bado ina moto. Baadhi ya vifaa vilivyotumika kwenye filamu viliwekwa humo. Wageni wanaendelea kulipa kiingilio kuona chumba ambacho walikwisha kukiona kwenye sinema.

Upande wa Tanzania, Howard Hawks alipiga picha za Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, katika eneo la Momella karibu na Arusha. Haikutokana na kitabu, lakini mmoja wa waigizaji wake, Mjerumani Hardy Krüger, aliyapenda mazingira hayo kiasi cha kununua ardhi na kuendesha hoteli hapo.

Kilimanjaro nayo ilibaki na kiungo na ukoo wa Hemingway. Mtoto wa mwandishi huyo, Patrick, aliishi Tanganyika na baadaye Tanzania kwa miaka mingi, kwanza akiendesha safari za uwindaji, kisha akifundisha Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 katika mteremko wa mlima huohuo, juu kidogo ya Moshi.

Mfano wa nyumbani kabisa ni Vuta N'kuvute. Riwaya ni ya Shafi Adam Shafi wa Zanzibar, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Inahusu Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi anayeikimbia ndoa asiyoitaka, na Denge, kijana anayepinga utawala wa Waingereza katika miaka ya 1950. Mwongozaji Amil Shivji aliifanya kuwa filamu kwa Kiswahili, ikapigwa Zanzibar, na ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto, Kanada, Septemba 2021. Mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kuwania Oscar ya filamu za kimataifa. Mara ya mwisho nchi kupeleka filamu huko ilikuwa mwaka 2001, kwa Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill.

Tofauti ya filamu hiyo na ile ya mwaka 1952 inaonekana wazi kwa mtu wa biashara. Buni imevunwa hapa, imekaangwa hapa, na jina kwenye pakiti ni la hapa.

HESABU YA MBIA MDOGO

Pamoja na sifa hizo, mwekezaji mdogo asidanganywe na mapato ya mlangoni. Tuchukue mfano wa kubuni kwa ajili ya hesabu tu.

Filamu imegharimu Sh. milioni 60. Wabia wadogo wametoa milioni 20, na mkopeshaji ametoa milioni 40 kwa riba ya asilimia 10. Tiketi zimeuzwa, zikaingiza milioni 150. Mtaani watasema filamu imerudisha gharama mara mbili na nusu.

Wenye kumbi wanabaki na nusu, yaani milioni 75. Msambazaji anachukua asilimia 30 ya zilizobaki, yaani milioni 22.5, na zinabaki milioni 52.5. Matangazo na nakala zimegharimu milioni 10. Zimebaki milioni 42.5.

Mkopeshaji ndiye wa kwanza kwenye foleni. Anadai milioni 44 pamoja na riba. Anachukua zote 42.5 na bado anadai milioni moja na nusu. Wabia wadogo hawapati hata senti.

Kama wabia wangeandika kwenye mkataba kuwa watagawana na mwenye milioni 40 kwa uwiano wa mitaji yao, bila riba, wangepata theluthi moja ya 42.5, yaani karibu milioni 14.2. Hiyo bado ni hasara, lakini ya milioni 5.8 badala ya 20. Na ili gharama yote ya milioni 60 irudi kwa masharti hayohayo, tiketi zingepaswa kuingiza milioni 200.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayeomba mtaji liwe moja: kwenye foleni ya malipo mimi ni wa ngapi? Akishindwa kulijibu kwa maandishi, basi fedha hiyo ihesabiwe kuwa mchango wa harusi.

NJORO INAWEZA KUUZA NINI

Kwa wengi wa Njoro na mitaa mingine ya Moshi, faida iliyo karibu haipo katika kumiliki filamu. Ipo katika kuwauzia watengenezaji huduma. Kikosi cha filamu kinahitaji vyumba, chai kabla ya mapambazuko, magari yanayoweza matope, jenereta, mbao, mafundi cherehani na walinzi wa usiku. Nguo za kuigizia hupatikana kwenye mitumba ya Memorial. Kazi ikipanda mlimani, wanahitajika waongozaji na wapagazi, ambao Moshi inao kwa wingi, pamoja na vibali vya Hifadhi ya Taifa na vya Bodi ya Filamu.

Mambo manne yazingatiwe katika bei.

Kwanza, mawingu. Kibo huonekana zaidi asubuhi na jioni, na wakati wa masika mlima unaweza kujificha siku kadhaa. Kikosi kitasubiri. Mwenye gari na mwenye nyumba wapange bei ya siku za kusubiri tangu mwanzo, vinginevyo watagombana na mteja siku ya tano.

Pili, malipo ya awali. Ni kawaida filamu kuundiwa kampuni yake ambayo hufungwa kazi ikiisha. Mwenye deni lililoachwa nyuma atajikuta anaidai kampuni isiyokuwepo. Asipokee ahadi ya kulipwa filamu itakapouzwa, labda kama amekusudia kuwa mbia.

Tatu, uharibifu. Shamba la migomba likikanyagwa au ukuta ukipakwa rangi ya zamani, nani anarudisha hali yake? Iandikwe, na fedha ya dhamana iwekwe kabla ya kamera ya kwanza kuwashwa.

Nne, jina. Nyumba au mtaa ukionekana kwenye filamu, mwenye nyumba ahakikishe mkataba unamruhusu kusema hivyo kwenye matangazo yake. Makumbusho ya Karen yamekula matunda ya jambo hilo kwa miongo.

Na kwa mwenye kitabu, ngano za babu au kisa cha familia kinachofaa sinema, kazi ya kwanza ni kukiandika, kukisajili na kuweka tarehe. Mwaka 1926 mchungaji aliyemkuta chui kileleni alishuka na sikio. Miaka kumi baadaye mwandishi alishuka na hadithi, na baada yake studio ikashuka na mamilioni, kisha ikasahau kujaza fomu. Katika mnyororo wote huo kila mmoja alipata kulingana na alichokiweka kwenye karatasi, na studio ilipoteza kwa karatasi hiyohiyo.

Kesho asubuhi Kibo kitaonekana tena kutoka Njoro, bure kama kawaida. Atakayetaka kukiuza aanze na daftari.